Matsutake, uyoga uliozoea kufagiliwa

Nikitaja uyoga ulio hatarini, watu hudhani umemalizwa na wachumaji. Kwa matsutake wa Japani mambo ni kinyume: ulianza kupotea wanakijiji walipoacha kuingia msituni na reki zao.

Matsutake (Tricholoma matsutake) ni uyoga mnene wa hudhurungi, wenye harufu kali inayokumbusha mdalasini. Si kwamba pua inadanganya. Methili sinameti iliyomo ndani yake ni jamaa wa kemikali za mdalasini. Huwezi kuulima kama uyoga wa mamama, kwenye mfuko wa mabua. Mamama hula vilivyokufa, lakini matsutake unataka mti ulio hai. Nyuzi zake huvika ncha za mizizi ya msonobari, zikaupa maji na madini, nao mti ukalipa sukari. Ndoa hiyo ipo hata kwenye miombo yetu. Fukua kwa kidole chini ya mti wa mtundu wakati wa mvua: utakuta vijizizi vimevimba nchani, kama vimevalishwa soksi.

Sasa, reki zinaingiaje? Zamani wanakijiji wa Japani waliokota kuni na kuzoa majani makavu ya kutengenezea mboji. Ardhi ikabaki fukara, na hiyo ndiyo msonobari mwekundu na uyoga wake huipenda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja gesi na mbolea ya dukani. Majani yakalundikana, udongo ukanona, miti ya majani mapana ikaisonga misonobari. Juu ya hayo kuna minyoo wadogo kutoka Amerika Kaskazini, wanaobebwa na mbawakawa. Wakiingia kwenye shina, maji hayapandi tena, na msonobari mkubwa hunyauka ndani ya miezi. Mwaka 1941 Japani ilivuna takriban tani 12,000 za matsutake. Siku hizi hata tani 100 ni shida kufika. Mwaka 2020 uyoga huu uliingizwa kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ngazi ya chini kati ya tatu za hatari.

Tiba yake, kwa wanaojitolea huko, ni ile kazi ya mababu: kufyeka vichaka na kuondoa tabaka la majani. Kwa kiasi, lakini! Mchumaji anayechimbua udongo kutafuta uyoga mchanga hukata nyuzi zenyewe, na hapo hata mwakani hapati kitu.

Dawa hiyo msiihamishie kwetu. Miombo haina shida ya kufagiliwa, ina shida ya shoka. Kisiki kikiachwa kichipue, mizizi huendelea kuishi na kuvu wake hubaki na mlishaji. Kikichomwa au kung'olewa, basi. Ndiyo maana nikipita barabarani msimu wa mvua na kuona akina mama wanauza uyoga kwenye ndoo, macho yangu hayakai kwenye ndoo. Natazama magunia ya mkaa yaliyopangwa nyuma yake.