Petroli isiyo na risasi haiui MGB
Ujumbe huu umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi: gari la zamani la Kiingereza, MGB kwa mfano, likiwekewa petroli isiyo na risasi (ledi, madini yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli) injini hufa, kwa hiyo changanya na mafuta ya taa kidogo.

Ujumbe huo una chembe ya ukweli. MGB, iliyotengenezwa kati ya 1962 na 1980, kwa kawaida siti zake za valvu, yaani sehemu ambazo valvu hukalia zinapofunga, zilichongwa moja kwa moja kwenye chuma cha silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, na risasi ilikuwa ikizikinga zile za ekzosi. Bila kinga hiyo siti hulika, lakini polepole, hasa gari likikimbizwa kwa muda mrefu. Anayelitoa Jumapili tu anaweza kumaliza miaka asione tofauti.

Kubahatisha hakuhitajiki. Rekebisha tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, andika kilomita, kisha pima nafasi hiyo tena baadaye kwa fila geji, kibati chembamba cha kupimia. Siti ikilika, valvu huzama na nafasi hiyo hupungua. Ikipungua kila mara, fundi afungue hedi aweke siti ngumu za ekzosi. Basi.

Mafuta ya taa hayana risasi. Hushusha oktani, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga, na kugonga huharibu pistoni.

Wengi huchanganya jambo hili na ethanoli, aina ya pombe inayotiwa kwenye petroli. Uingereza iliondoa petroli ya risasi kwenye vituo vya kawaida mwanzoni mwa 2000. Mwaka 2021 ikaja yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hudhoofisha mipira ya zamani ya mafuta. Mpira ukivuja, lawama huenda kwa risasi iliyokosekana!

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.