Neno "run" si kukimbia tu: dhana potofu ninazozisikia kila kundi jipya

Nafundisha Kiingereza kwa waongoza watalii na vijana wa mashua hapa Lamu. Kila kundi jipya huja na daftari lililopigwa mstari katikati: kushoto neno, kulia maana yake. Run, kukimbia. Nikilitaja naambiwa, "Hilo nalijua, mwalimu, tupe jingine."

Hulijui bado. Dhana kwamba neno la Kiingereza lina maana moja ya kweli, na zilizobaki ni lugha ya mitaani, inawaharibia kazi kuliko uchache wa msamiati. Mgeni akiuliza pale Shela, "Who runs this place?", anataka kujua ni nani anayeendesha nyumba ile. Kijana wa daftari humjibu kwamba hapa hakuna anayekimbia, na mgeni humgeukia mwingine. "We've run out of water": maji yametuishia. "The boat is running late": mashua imechelewa. "They ran aground": wamepanda fungu, chombo kimekwama. Hicho chote ni Kiingereza fasaha, na hakuna aliyetimua mbio.

Kamusi kubwa ya Oxford inatosha kuwa ushahidi. Katika toleo lake la pili, la 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa set. Wahariri walipolipitia upya run, kufikia 2011 walikuwa wamepata maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Vineno vifupi vya kila siku ndivyo vyenye mzigo mkubwa, kwa kuwa ndivyo vilivyotumika na watu wengi, kwa mambo mengi, kwa karne nyingi.

Basi tuzikariri zote 645? La hasha. Nyingi zinatokana na wazo la kitu kwenda mfululizo: maji yanatiririka, injini inafanya kazi, barabara inapita kando ya bahari, na kwa yote hayo Mwingereza husema runs. Halafu tazama kinachofuata kitenzi. "The engine runs" haina yambwa, yaani kitu kinachotendewa; injini inakwenda yenyewe. "She runs the hotel" ina yambwa, basi kuna mtu anayeendesha kitu. Mwisho shika kile kineno cha nyuma, maana run out, run into na run over ni mambo matatu mbalimbali: kuishiwa, kukutana na mtu bila kutarajia, kumgonga mtu kwa gari. Ukikiacha kineno hicho, umeiacha maana yenyewe.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Kiingereza, Kiswahili kimenyooka. Jamani! Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, tunapiga makasia, na hakuna anayeumia. Mtu anakula hasara, anakula kiapo, anakula njama, tumboni hakijaingia kitu. Mtoto wa Lamu anayajua haya yote kabla hajaanza shule, wala hakuyapata daftarini.

Dhana nyingine ni kwamba maneno yanayoandikwa sawa lazima yawe na asili moja. Si lazima. Bark ya mbwa kubweka na bark ya gome la mti ni maneno mawili yaliyokutana tu, kama kaa wa mikokoni na kaa la moto. Usihangaike kuyaunganisha.

Na simu ya kutafsiri? Ipe sentensi nzima, itakusaidia mara nyingi. Ukiipa run peke yake itakurudisha kwenye kukimbia.

Kwa hiyo kwangu daftari la mstari wa katikati haliingii darasani. Andika sentensi kamili kama ulivyoisikia kwa mgeni, pamoja na kineno chake cha nyuma, na chini yake uandike nani aliisema na alitaka nini. Jioni isome kwa sauti mara mbili tatu, kesho uitumie kwa mgeni mwingine.