Kwa nini mashine ya kushtua moyo huuzwa kwa cheti cha daktari, ilhali mpita njia yeyote huruhusiwa kuitumia?

Katika viwanja vya ndege vya Marekani kuna visanduku ukutani vyenye alama ya moyo na radi. Ndani mna mashine ya kushtua moyo. Mtu akianguka ghafla kwa tatizo la moyo, yeyote aliye karibu huichukua na kuitumia. Lakini aina nyingi za mashine hiyo hiyo haziuzwi nchini humo bila cheti cha daktari.

Cheti kinadaiwa kwa sababu ya umeme. Mashine hupitisha mshtuko mkali kifuani, kwa hiyo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeiweka katika kundi la vifaa tiba vinavyodhibitiwa kwa ukali kuliko vyote. Mwaka 2004 aina moja iliruhusiwa kuuzwa bila cheti, kwa matumizi ya nyumbani.

Mpita njia naye anaruhusiwa kwa sababu ya muda. Moyo unapotetemeka ovyo badala ya kudunda, kila dakika inayopita bila mshtuko na bila kifua kukandamizwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ambulensi ikikawia dakika kumi tu, mara nyingi imeshachelewa. Tena mashine haimwachii mtu uamuzi wa kitabibu. Ukishabandika pedi mbili kifuani, inasoma mapigo yenyewe, na kama moyo hauhitaji umeme, haitoi.

Ilibaki hofu ya kushtakiwa. Jimbo la Florida lilitunga sheria ya kuwakinga waokoaji mwaka 1997, na mwaka 2000 ikaja sheria ya nchi nzima. Msamaria mwema anayejaribu kuokoa maisha hawajibiki kwa madhara yanayotokea, isipokuwa amefanya uzembe uliokithiri au ubaya wa makusudi.

Aliyenunua mashine na kuiweka pia analindwa, ila kwa masharti: awajulishe watu wa huduma za dharura wa eneo lake mahali ilipo, aitunze na kuipima, na awafundishe wafanyakazi wanaotarajiwa kuitumia. Akipuuza hayo na mtu akadhurika kwa sababu hiyo, kinga inaweza kumtoka. Kwangu mimi hiki ndicho kipengele muhimu kuliko vyote. Betri huisha, gundi ya pedi hukauka ikashindwa kushika ngozi, na mashine iliyokufa ukutani ni ya hatari kwa sababu watu wanaitegemea.

Je, imefaa? Viwanja vya ndege vya mji wa Chicago vilifuatiliwa kwa miaka miwili baada ya mashine kuwekwa mwaka 1999. Kati ya watu 18 ambao mioyo yao ilikuwa ikitetemeka, 11 waliokolewa. Sita kati ya hao 11 waliokolewa na watu ambao hawakuwa wamefundishwa wala kuwahi kuitumia. Watatu tu kati ya waokoaji hao walikuwa na shahada ya udaktari.