Ukimya hauponyi mlio wa masikioni

Mgonjwa aliyeingia kwangu wiki iliyopita alikuwa ameziba masikio yote mawili kwa pamba. Nilipomsalimu alilazimika kuchomoa pamba ya upande wa kulia ndipo aitikie, kisha akanieleza kwamba mlio ulioanza miezi saba iliyopita sasa unamnyima usingizi, ingawa amefanya kila awezalo kuyapumzisha masikio yake: redio ameizima, kwenye sherehe haonekani tena, na usiku hufunga madirisha yote ili pasiingie hata sauti ya upepo. Alikuwa mtu wa tatu mwezi huu kunieleza jambo hilohilo kwa maneno yanayokaribiana, na wote watatu walikuwa wameshauriwa hivyo na watu wanaowatakia mema. Ndiyo maana nimeona niliandike.

Dhana yenyewe ni kwamba sikio linalolia limechoka, kwa hiyo lipewe ukimya lipone. Inakubalika haraka kwa sababu kifundo cha mguu kilichoteguka hupumzishwa na kikapona. Mlio wa masikioni, au tinitasi kama tunavyouita kazini, haufuati kanuni hiyo, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi sikio lilikuwa mwanzo wa jambo tu, na kinachouendeleza mlio kiko kwenye ubongo.

Ndani ya koklea, yaani kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti, kila sikio lina takriban seli 15,000 za vinyweleo, ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme zinazosafiri kwenye mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Zikiharibiwa na kelele, umri au baadhi ya dawa, kwa binadamu seli hizo hazioti tena, na ubongo huanza kupokea ishara pungufu, hasa za sauti nyembamba. Hapo ubongo hufanya kile afanyacho msikilizaji wa redio stesheni inapofifia: huongeza sauti. Stesheni hairudi, ila mikwaruzo ya redio ndiyo inayopanda, na mikwaruzo hiyo ndiyo mgonjwa anayoisikia kama filimbi, kama mvuke unaotoka kwenye birika au kama nyenje wasiolala. Sasa mwenye pamba masikioni anazidi kupunguza ishara zilezile ambazo ubongo tayari unazitafuta, nao unajibu kwa kuongeza sauti tena.

Jambo hili halitokani na nadharia tupu. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 waliosema hawana tatizo la kusikia katika chumba kisichopitisha sauti, na ndani ya dakika chache asilimia 94 yao waliripoti kusikia milio ambayo haikuwamo chumbani. Mwaka 2012 Roland Schaette na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 18 wenye usikivu mzuri walivaa kizibo katika sikio moja kwa siku saba mfululizo. Watu 14 kati yao walianza kusikia sauti za uongo, nazo zikatoweka baada ya kizibo kutolewa. Wako pia wagonjwa waliokatwa mshipa wa kusikia wakati wa kuondolewa uvimbe, sikio likawa kiziwi kabisa, na wengi wao wakaendelea kusikia mlio upande uleule. Sikio lisilosikia chochote likiendelea kulia, sioni vipi pamba itautuliza mlio huo.

Ushauri wangu, ambao nimeurudia hadi wasaidizi wangu wanaujua kwa moyo, ni kwamba mwenye tinitasi asikae wala asilale katika ukimya kamili. Aweke sauti ndogo isiyo na maneno na isiyobadilika sana, kama ya feni au ya mvua iliyorekodiwa, na aiache usiku kucha. Kosa linalofanywa hapa ni kuipandisha sauti hiyo hadi iumeze mlio. Inatakiwa iwe chini kidogo ya mlio, vyote viwili visikike pamoja, kwa sababu ubongo hauwezi kuzoea kitu ambacho umefichwa. Vizibo vya masikio vina mahali pake, yaani penye kelele ya kweli ya desibeli 85 na kuendelea (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwenye msumeno wa umeme, jenereta au spika kubwa za tamasha, na hapo nasisitiza vivaliwe bila kukosa. Kuvivaa sebuleni au sokoni kwa hofu ya sauti za kawaida huyafanya masikio yawe mepesi kukereka, hata mlio wa kijiko kwenye sahani ukawa adhabu.

Inayofuata kwa kunisumbua, kwa kuwa mara nyingi hutoka vinywani mwa wahudumu wa afya wenzangu, ni kauli kwamba hakuna la kufanya, azoee tu. Ni kweli kwamba hadi sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kuufuta mlio. Lakini kumwambia mtu azoee bila kumwonyesha njia ni kumtelekeza. Njia zipo. Mwenye upungufu wa usikivu akipewa kifaa cha kusaidia kusikia kilichopimwa vizuri, ubongo hurudishiwa sehemu ya ishara ulizozikosa, na wengi huuona mlio ukirudi nyuma. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mazoea ya mgonjwa ndiyo yenye ushahidi bora zaidi wa kupunguza adha ya tinitasi katika maisha ya kila siku, hata pale ambapo mlio wenyewe haupungui.

Wagonjwa huniuliza inawezekanaje mlio ubaki vilevile na adha ipungue. Katika chumba cha vipimo huwa namchezea mgonjwa sauti moja baada ya nyingine kwenye vipokea sauti, napandisha na kushusha, hadi ainue kidole kunijulisha kwamba nimeufikia mlio wake. Mara nyingi mlingano hupatikana kati ya desibeli 5 na 15 tu juu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Namba hiyo simtajii mgonjwa bila kumweleza, asije akadhani namwona mwongo, kwani ukubwa wa mlio na ukubwa wa mateso haviendi pamoja. Wapo wenye mlio mkubwa wanaofanya kazi na kulala vizuri, na wapo wenye mlio mdogo waliovunjika. Tofauti iko katika jinsi ubongo ulivyoupokea: ukiuchukulia kama ishara ya hatari, utaulinda usiuache hata dakika moja, na kila mara mgonjwa anapojiinamia kusikiliza kama bado upo anauthibitishia ubongo kwamba hatari ipo. Kumtoa katika hofu hiyo kunachukua miezi, na kunawezekana.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Matone ya sikio na vijiti vya pamba haviondoi tinitasi. Nta iliyoziba sikio inaweza kweli kuleta mlio, lakini iondolewe na mtu anayeona anachokifanya, maana kijiti huisukuma ndani zaidi na wakati mwingine hutoboa kiwambo cha sikio. Mshumaa wa sikio hauvuti kitu chochote, ila unaunguza. Vidonge vya ginkgo (mti wa dawa za asili), zinki na melatonini (homoni ya usingizi) vinauzwa kwa ahadi kubwa, ilhali mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri waziwazi visipendekezwe kwa ajili ya tinitasi. Kusikia filimbi au mvumo si dalili ya kurukwa na akili wala si hatua ya kwanza ya uziwi, ingawa mara nyingi upungufu wa usikivu huwa upo tayari na unapaswa kupimwa. Kuhusu dawa, kwinini na aspirini kwa dozi kubwa huleta mlio ambao kwa kawaida huisha dawa ikikoma, ilhali gentamisini, ambayo ni antibiotiki, na sisplatini, dawa ya saratani, zinaweza kuharibu koklea moja kwa moja. Asiwepo mtu wa kuacha dawa kwa uamuzi wake; amweleze daktari aliyemwandikia, siku hiyohiyo mlio unapoanza.

Dhana ya mwisho ni kwamba tinitasi yoyote inaweza kusubiri. Iliyo nyingi inaweza, lakini mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo unahitaji uchunguzi wa mishipa ya damu, na mlio ulioko upande mmoja tu unahitaji kuthibitishwa kwamba hautokani na uvimbe kwenye mshipa wa kusikia. Unaotisha zaidi ni mlio unaokuja pamoja na sikio kupoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, pengine mtu ameamka tu na kukuta simu haisikiki upande huo. Wengi hudhani sikio limeziba kwa mafua au maji, wakangoja lizibuke. Dawa za steroidi zinazoweza kuliokoa hufanya kazi vyema zinapoanzwa katika siku za kwanza, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana, kwa hiyo mtu wa namna hiyo aende kupimwa usikivu siku hiyohiyo, na akiambiwa arudi baada ya mwezi, atafute mtaalamu mwingine kabla jua halijazama.