Je, wajua? Wembe na penseli vinaweza kushika redio bila betri

Tarehe 22 Januari 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Washirika yalitua Anzio, kusini mwa Rome, yakakwama hapo pwani kwa takriban miezi minne. Askari waliokuwa kwenye mahandaki walikuwa na kiu ya muziki na habari, wakajitengenezea redio kwa vitu vilivyokuwa mikononi mwao: wembe wa kunyolea, pini ya kufungia nguo, kipande cha penseli, waya, na kipokea sauti cha sikioni. Betri haikuwapo, na bado stesheni zilisikika.

Umeme wa kutoa sauti hiyo ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye kituo cha redio chenyewe. Mtambo wa kurushia matangazo husambaza nguvu zake hewani kama mawimbi. Mawimbi hayo yakikutana na waya mrefu uliotundikwa juu, huufanya umeme uende na kurudi ndani yake. Kinachonaswa ni kidogo mno, hakiwashi hata tochi, lakini sikio la binadamu ni jepesi ajabu. Redio tulizozoea huchukua umeme huo na kuukuza kwa nguvu ya betri hadi sebule nzima isikie. Redio ya wembe haikuzi chochote. Unachosikia ni nguvu ileile iliyosafiri kutoka kwenye mnara, na ndiyo maana mtu mmoja tu ndiye anayesikia, tena kipokea sauti kikiwa kimebana sikio.

Waya wa juu hunasa stesheni zote kwa mpigo, hivyo unahitaji kuzichuja. Kazi hiyo ni ya koili: waya uliozungushwa mara mia hivi kwenye bomba la boksi. Kama bembea, ambayo hupanda juu ukiisukuma kwa mwendo wake yenyewe tu, koili pamoja na antena huitikia zaidi mtetemo mmoja kuliko mingine. Ukibadilisha idadi ya mizunguko inayotumika, unahamia stesheni nyingine.

Sasa tuje kwenye wembe, maana hapa ndipo penye uhondo wote. Mawimbi ya kati, yale ya AM, hutetema kuanzia mara 530,000 hivi hadi zaidi ya milioni moja na nusu kwa sekunde. Sauti ya mtangazaji hubebwa kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya mtetemo huo. Ukiupeleka moja kwa moja sikioni husikii kitu, kwa sababu utando wa kipokea sauti husukumwa na kuvutwa kwa kiasi kilekile, kwa kasi usiyoweza kuifuata. Ni lazima nusu moja ya mtetemo ikatwe, ibaki misukumo ya upande mmoja. Hapo utando hufuata jinsi nguvu inavyopanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko maneno na nyimbo.

Kifaa cha kukata nusu hiyo ndicho tunachokiita dayodi. Wembe uliochomwa motoni hadi ukapata rangi ya buluu huwa na tabaka jembamba la oksidi. Ncha ya penseli, ambayo ni grafiti, ikiligusa tabaka hilo, umeme hupita kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Si kila sehemu ya wembe inafaa. Unaipapasa buluu kwa ncha, milimita kwa milimita, huku ukitega sikio. Ukikandamiza sana, sauti inapotea. Askari walitumia pini kama mkono wa kuishikilia penseli kwa wepesi unaotakiwa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko vita hivyo. Mwanasayansi wa Kihindi Jagadish Chandra Bose alipata hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani mwaka 1904 kwa kifaa cha kunasa mawimbi kwa kutumia galena, madini yenye metali ya risasi. Mwaka 1906 Mmarekani Greenleaf Whittier Pickard akapata yake kwa kutumia silikoni, kitu kilekile kinachotengenezea chipu za simu leo.

Anayetaka kujaribu nyumbani asianze na wembe, unachosha. Mwombe fundi redio dayodi iliyotengenezwa kwa jerimani (germanium) kutoka kwenye redio mbovu ya zamani; huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.2 au 0.3, ilhali ya silikoni hudai kama 0.6, na hapa kila sehemu ya volti ina thamani. Visikilizio vya simu havitafaa kwa sababu vinahitaji mkondo mkubwa kuliko unaopatikana. Tafuta kipokea sauti cha aina ya kristali, kinachotosheka na umeme kidogo sana. Tandika waya wa mita 20 hivi mbali kabisa na nyaya za umeme, na mwingine uufunge kwenye chuma kilichochomekwa ardhini penye unyevu. Wingu la radi likitanda, acha kazi na usiguse waya huo.

Kwa ladha yangu, hakuna mradi bora zaidi kwa mtoto anayeanza elektroniki. Kila kipande kinaonekana, na kila kipande kina kazi unayoweza kuieleza.

Usitegemee FM, maana huko sauti hubebwa kwa kubadilisha kasi ya mtetemo, si nguvu yake. Tafuta AM, na ujaribu usiku: baada ya jua kuchwa, mawimbi ya kati huakisiwa na tabaka la juu la angahewa, na stesheni za mbali ambazo mchana hazifiki huanza kuingia.