Mombasa hawajui kula zege

Mwanafunzi wangu wa darasa la sita hapa Temeke aliandika kwamba Jumamosi alikula zege stendi, akashiba. Nikasahihisha herufi kubwa, nikaweka tiki, tukakipandisha kijitabu chetu mtandaoni. Siku tatu baadaye darasa tunaloandikiana nalo Mombasa likauliza: "Zege la kujengea? Linalikaje?"

Tulicheka, kisha kazi ikaanza. Mtunzi alirudia aya ile mara nne: viazi vilivyokwisha kukaangwa vinarudi kwenye kikaango, mayai yaliyopigwa yanamiminwa juu, vinashikana kama zege, ndiyo maana chipsi mayai zikaitwa hivyo. Mara nne! Mwaka mzima nilikuwa nikiandika "fafanua" kwa wino mwekundu bila kuambulia hata sentensi moja. Mtoto alikuwa na haki yake. Mimi zege nalijua, sasa anifafanulie nini?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1924 Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini kusini mwa Ufaransa, alinunua mashine ndogo ya kuchapa, na baadaye wanafunzi wake wakawa wanabadilishana maandishi na shule ya Trégunc, mkoani Bretagne. Yeye alitegemea posta. Sisi tuna bando.

Tunatumia African Storybook, mtandao ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi za Kiswahili na sehemu ya kutungia zako. Simu wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo, kwa hiyo rasimu zote ni za daftari. Laptopu yangu moja inaingia mwishoni tu. Maswali ya Mombasa huja kwa WhatsApp kwenye simu yangu, nami huyasoma kwa sauti.

Wazazi waambieni mapema: leseni ya pale ni huria, mtu yeyote anaweza kutafsiri au kubadilisha hadithi mradi amtaje mtunzi. Mimi huweka jina la kwanza tu, sura za watoto siweki kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikumsahau mwalimu.

Wiki iliyopita ikawa zamu yao. Wameleta kijitabu kuhusu viazi karai, vya kuchovya kwenye unga wenye manjano na kukaanga. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa yule yule wa zege: "Mwalimu, karai si lile mafundi wanabebea zege?"