Albamu ya kisa kimoja si lazima ichoshe

Ukitaja roki kwenye vijiwe vya muziki hapa Dar, hukosi kuambiwa kwamba albamu zinazosimulia kisa kimoja, au kufuata wazo moja mwanzo hadi mwisho, ni ndefu kupita kiasi, msikilizaji anachoka njiani. Ajabu ni kwamba wasemaji ni watu walewale wanaokesha ukumbini na taarabu, wimbo mmoja ukapita dakika kumi na bado wanainuka kwenda kutunza.

Kwanza, si zote ndefu. The Dark Side of the Moon ya bendi ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, ina dakika kama 43 tu. Foleni ya Mbagala inaimaliza kabla hujafika.

Zile ndefu kweli zilitungwa kwa ajili ya santuri, na upande mmoja wa santuri hubeba dakika 20 na ushei. The Wall ya Pink Floyd haohao, ya mwaka 1979, ina dakika kama 80 kwenye santuri mbili: pande nne, kila moja na mwanzo na mwisho wake. Msikilizaji alilazimika kuinuka kugeuza, akapumua. Leo simu inaimwaga yote mfululizo, kisha lawama anabebeshwa mtunzi.

Hata hivyo, zipo zinazozidisha. The Lamb Lies Down on Broadway ya bendi ya Genesis, ya mwaka 1974, inapita dakika 90, na kwa sikio langu santuri ya pili inapwaya. Ila hapo tatizo ni kisa kupotea, si saa. Ijaribu upande mmoja kila jioni.